Debe la Oili Chafu

Fundi anayelitengeneza gari langu ni kijana mpole, na kila ninapompelekea hunicheka kwa adabu. "Mama, hili ni gari la kisasa," huniambia huku akifuta mikono kwa tambara. "Oili ya siku hizi inakwenda kilomita elfu kumi, na gari halisikii kitu. Wewe hujamaliza hata elfu nne. Unamwaga kitu kizima." Mimi humjibu amwage tu. Yeye huingia chini, akalegeza nati, na oili ikashuka kwenye beseni ikiwa bado na joto la injini. Harufu ile inaponifikia, harufu ya kitu kilichoungua bila kuwaka, mimi huondoka nikasimama barabarani kama mtu aliyekwenda kupokea simu. Sijawahi kumweleza sababu. Nadhani ananiweka kwenye fungu la wanawake wasiojua magari.

Magari nayajua kidogo. Najua kwamba gari linalopanda milima na kula vumbi siku nzima halihesabiwi sawa na gari la lami, hata kama limetoka kiwandani jana. Najua oili ikikaa mno huacha kulainisha chuma na kuanza kukisaga. Hayo niliyajua nikiwa bado mtoto, kwa sababu baba yangu alikuwa dereva wa lori huko Kaisho, karibu na mpaka wa Rwanda, na mtu aliyeijua oili kuliko yeye sijamwona mpaka leo.

Baba aliitwa Yohana. Wazazi wake walitoka Rwanda wakiwa na mikeka miwili na ng'ombe mmoja aliyekufa njiani, wakaishia kulima kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya wenyeji, kwa malipo ya ndizi. Yeye mwenyewe alianza kama utingo, akining'inia nyuma ya malori, mpaka akajifunza usukani kwa kumwangalia dereva kupitia kioo. Alipopata leseni, watu walimwita Dereva hata kanisani. Kwa mtoto wa watu wa kuja, jina hilo lilikuwa kama shamba.

Lori lilikuwa mali ya Bwana Athumani, mwenye duka kubwa kuliko yote pale Kaisho. Babu yake alitoka pwani, na yeye alikuwa bado akizungumza Kiswahili cha kwao, laini, kisichokwama popote. Sisi nyumbani tulisema Kinyambo, lugha ya wenyeji, Baba na bibi yangu wakachanganya na chao cha Rwanda, na Kiswahili tulikiokota shuleni na dukani kipande kipande. Bwana Athumani alipozungumza tulinyamaza kumsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kumtendea haki, na kusema hivyo kunaniuma.

Lori lilibeba kahawa ya maganda na maharage kupeleka mjini Kayanga, likarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, vilipopatikana. Wakati huo lilikuwa bado jipya, lina rangi ya samawati, na watu walisema ni gari la kisasa, halina matatizo ya yale malori ya zamani. Mita yake ya kilomita ilikufa mapema. Baba akaamua kuhesabu safari. Kila aliporudi kutoka Kayanga alichora mstari mmoja wa chaki kwenye ubao wa ndani ya bodi. Mistari ikifika kumi na tano, Jumapili inayofuata, baada ya ibada, lori lililetwa mbele ya nyumba yetu, na Baba akavua shati la kanisani na kuingia chini.

Nilizipenda Jumapili hizo kuliko sikukuu. Nilikaa kwenye kigogo na kumtazama. Baba aliingiza karai chini ya injini, akafungua nati, na kitu cheusi, kizito, kinachotoa moshi kidogo, kikateremka polepole kama kisichotaka kutoka. Aliita kitu hicho oili. Aliisubiri mpaka tone la mwisho. "Usimharakishe mgonjwa," alisema. Kisha alikimimina kile cheusi kwenye debe, akafunga nati, akafungua kopo jipya kwa msumari na nyundo, akamimina juu ya injini kitu kingine kabisa, cha rangi ya dhahabu, kinachopitisha mwanga, kinachoshuka kama uzi bila kukatika.

Mimi nilikijua kitu hicho. Ilikuwa asali. Nilikwishaiona kwa mrina asali mmoja jirani yetu, na sikuwa na shaka. Hata hivyo nilimuuliza Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi.

"Mama, lori linakula asali?"

"Linakula," Mama alijibu bila kuinua macho. "Tena linashiba kuliko sisi."

Alikuwa akitania, maana Mama wa siku hizo alikuwa na utani. Mimi niliichukua kama ilivyo. Lori linakula asali, likiisha kushiba linatoa kinyesi cheusi, na kinyesi hicho ndicho kinaitwa oili. Mbona hata ng'ombe hula majani ya kijani na kutoa kitu kingine? Sikuona haja ya kuuliza tena.

Oili hiyo nyeusi haikutupwa. Baba aliipaka nguzo za nyumba yetu ili mchwa wasizile, na nguzo zetu zikawa nyeusi tii kimo cha kiuno changu. Mama aliwapaka mbuzi wenye ukurutu. Majirani nao walikuja na chupa. "Hodi kwa Dereva, tunaomba oili kidogo." Hata mwalimu wangu alikuja siku moja na kopo la maziwa ya unga, akamwambia Baba shikamoo ingawa walikuwa karibu rika moja, na mimi nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kisha vitu vikaadimika. Wa umri wangu wanaikumbuka miaka hiyo baada ya vita, tulipooga kwa majani ya mpapai na kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Oili ya magari nayo ikawa kama dawa. Bwana Athumani alisafiri mwenyewe mpaka Bukoba kuitafuta, akarudi na makopo machache aliyoyafungia stoo na kutembea na ufunguo kiunoni. Ndipo yeye na Baba wakaanza kuvutana. Nilikuwapo siku moja walipozungumza mbele ya duka, Baba ameshika kofia mkononi.

"Yohana, subiri mistari thelathini," Bwana Athumani alimwambia. "Gari jipya hili. Waliolitengeneza si wajinga, wameandika wenyewe kwenye kitabu chake."

"Kitabu nimekiona, Bwana. Lakini walioandika hawajapanda milima ya huku na magunia ya kahawa."

"Basi ishirini."

"Ishirini na vumbi hili ni nyingi. Injini haisemi inapoumia. Inasema ikishakufa."

Bwana Athumani alicheka, akampiga begani, akampa kopo. Lakini nilimwona Sudi, mtoto wa dada yake aliyekuwa akiuza dukani, akimtazama Baba kwa namna ambayo sikuipenda. Sudi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye leseni mpya mfukoni na lori asilopewa kuliendesha.

Baada ya hapo makopo mawili yakapotea stoo. Sikujua kama yamepotea. Nilichojua ni kwamba mchana mmoja nilitumwa chumvi, nikakuta duka halina wateja, Sudi anapima maharage kwenye mizani na Bwana Athumani amekaa kwenye kiti chake cha kamba.

"Shikamoo, Bwana Athumani."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Alinifungia chumvi kwenye gazeti. Kisha akafungua chupa ya kioo na kunipa kashata, jambo ambalo hakuwa akilifanya mpaka siku ya Idi.

"Jumapili Baba amemwaga oili?"

"Ndiyo."

"Halafu oili anaipeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyingi?"

Nilitaka apendezwe. Nilitaka ajue kwamba nyumba yetu nayo ina kitu kingi. "Debe zima," nilisema. "Watu wanakuja na chupa zao kuchukua. Hata mwalimu alikuja."

"Wanakuja na chupa zao," Bwana Athumani alirudia taratibu. Alimgeukia Sudi. Sudi aliendelea kupima maharage, akiongeza moja moja kama mtu anayepima dhahabu.

"Haya, nenda," Bwana Athumani aliniambia. "Angalia usimwage chumvi."

Kashata niliila yote njiani, nikajifuta mdomo ili wadogo zangu wasijue.

Kesho yake Baba alirudi mapema, kwa miguu. Mama alikuwa akipepeta maharage uani.

"Lori limeharibika?" Mama aliuliza.

"Lori zima. Mimi ndiye sina kazi tena."

"Kwa nini?"

"Oili imepotea. Wanasema nimeichukua mimi."

Mama aliuweka ungo chini. Alikuwa na mimba wakati huo, bado ndogo. Baba alinitazama mimi, akanitazama kwa muda mrefu, nami nikadhani amechoka na anataka kiti. Nikaenda kumletea. Aliposhika kiti akasema, "Leta na maji ya kunywa," na hayo ndiyo yote aliyoniambia siku hiyo.

Neno likaenea. Watu wakasema Dereva ameiba oili ya mwajiri wake na kuiuza kwa chupa. Waliokuwa wakija na chupa hawakuja tena, na hakuna hata mmoja wao, hata mwalimu, aliyesimama kusema chupa yake ilijazwa nini. Labda waliogopa kuitwa wapokeaji wa mali ya wizi. Baba akarudi kwenye jembe, akalima vibanja vya watu kama baba yake. Jioni alirudi na mkungu begani, akautua bila neno. Mama alikuwa akisubiri akane, sasa naelewa: ya chupa alijua ni chafu, lakini ya yale makopo ya stoo hakujua. Alikuwa akisubiri asimame mahali, dukani au kanisani, aseme sikuiba. Baba hakusema. Mama akasema siku moja, akiwa amempa mgongo, "Kama ungeacha vya watu, ningekuwa na kitambaa cha kumpokelea huyu mtoto." Baba akatoka nje.

Sudi akapewa lori. Alilipenda sana kwa nje. Alilifungia kioo cha pili cha pembeni, akachora ua kwenye mlango. Mistari ya chaki ya Baba, tangu Jumapili ile ya mwisho, ilikuwa imefika mitatu siku aliyofukuzwa. Nilikwenda kuihesabu lori lilipokuwa limeegeshwa dukani, kwa sababu tu niliikumbuka. Haikuongezwa hata mmoja. Mvua za vuli zikaja, zikaifuta yote. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba lori siku hizi halipewi asali, na nikalihurumia kama mtu anavyomhurumia ng'ombe wa jirani anayenyimwa maji.

Mama alishikwa na uchungu alfajiri ya siku ya gulio. Kulipokucha vizuri, Mama Joasi, jirani yetu aliyezoea kuzalisha, alitoka chumbani akamwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba mtoto amelala vibaya, hawezi kumgeuza, Mama apelekwe kwa masista. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari. Kwa miguu, sijui. Gari pale Kaisho lilikuwa moja.

Baba alivaa shati lake la kanisani. Alikwenda kwa Bwana Athumani mbio, na mimi nikamfuata nyuma kwa sababu hakuna aliyenikataza. Sikusikia walichosema, niliona tu Bwana Athumani akisimama kabla Baba hajamaliza, akiita, "Sudi, shusha magunia. Yashushe yote, upesi." Hakuuliza jambo jingine. Nalo hilo nalisema kwa kumtendea haki.

Mama alilazwa nyuma ya lori juu ya godoro na majani makavu ya migomba. Mama Joasi alikishika kichwa chake, mimi nikashika mguu wake mmoja, maana nilidhani ukishikwa hautauma. Baba alikaa mbele na Sudi. Kioo cha nyuma ya kibanda cha dereva hakikuwapo, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Hatukufika mbali Baba alipoinamisha kichwa, kama mbwa anaposikia kitu.

"Sudi, oili umemwaga lini?"

"Oili ipo."

"Sikuulizi kama ipo. Umemwaga lini?"

"Mzee, gari hili ni la kisasa. Halimwagwi kila mara kama mlivyokuwa mkifanya ninyi."

"Simama niangalie kijiti."

"Mgonjwa yuko nyuma, wewe unataka tusimame?"

Mama alilia wakati huo huo. Tukaendelea. Tulipouanza ule mlima mrefu wa kwenda hospitali, nami nikakisikia alichokisikia Baba. Ulikuwa mlio wa nyundo ndogo ndani ya chuma, ko, ko, ko, kisha ukawa wa nyundo kubwa. Lori lilianza kutetemeka. Baba alisema, "Simama, ipoe. Sudi, nakuomba, simama tuipoze, tutafika." Sudi alikanyaga zaidi. Nadhani aliogopa. Alikuwa kijana, anamwogopa mjomba wake, anakiogopa kilio cha nyuma yake, na alitaka tu mlima uishe. Ukasikika mlio mmoja mkubwa, na baada yake kimya. Lori likaanza kurudi nyuma. Baba aliruka, akaweka jiwe kwenye tairi.

Alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Nchani mwake palikuwa na kitu kikavu, cheusi, kama ukoko wa uji ulioungulia chunguni. Hakumwonyesha Sudi. Alikirudisha mahali pake taratibu, kama bado kuna kitu cha kulinda, akapiga ukelele wa kuomba msaada kuelekea kwenye migomba.

Wanaume wa mashamba ya karibu walikuja. Walikata miti, wakafunga machela kwa kamba za migomba, wakambeba Mama kwa zamu, wanne wanne, wakikimbia kwenye tambarare na kutembea kwenye vilima. Sudi naye alibeba. Alibeba zamu nyingi kuliko wote na hakutaka kupokelewa. Jua lilikuwa linaelekea kutua tulipolifikia lango la misheni. Masista walimwokoa Mama. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizikwa pale pale, nyuma ya kanisa lao, ndani ya boksi lililokuja na dawa. Mama aliambiwa hatazaa tena.

Tuliporudi nyumbani watu walikuja kutupa pole, hata wale walioacha kuja. Wanaume walikaa uani, Mama alikuwa amelala ndani. Bwana Athumani alikuja na sukari na kanga, akakaa kwenye kigogo changu. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Injini kubwa namna ile inakufaje ghafla?"

Baba alijibu bila ghadhabu, kama anamfundisha utingo. "Haikufa ghafla. Oili ikiwa mpya ni kama asali, unaona mpaka upande wa pili. Ikifanya kazi inaungua, inakuwa nyeusi. Ile nyeusi haina kazi tena ndani ya injini. Unaimwaga, unapaka nguzo kama hizi, unaweka mpya. Ukiiacha ndani inakuwa lami, na chuma kinakula chuma."

Nilikuwa nimesimama na birika la chai. Sijui kama mtoto wa miaka minane anaweza kuzeeka, lakini kitu kama hicho kilinipata. Asali ndiyo iliyokuwa oili. Nilipomwambia Bwana Athumani debe zima, yeye alisikia asali, kumbe mimi nilisema kinyesi. Niliinua macho nikakuta Bwana Athumani anazitazama nguzo za nyumba yetu, moja baada ya nyingine, nyeusi tii kimo cha kiuno. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa. Sisi wawili tulielewa kwa dakika ile ile, na watu wote wanakunywa chai.

Nilimsubiri aseme. Yeye ni mtu mzima, nilijiambia, Kiswahili ni chake, ataanza yeye. Bwana Athumani aliweka kikombe chini kabla hajakimaliza, akasema, "Yohana, Mungu ndiye mpaji na ndiye mtwaaji," akaaga, akaondoka. Baada ya mwaka alihamishia duka Kayanga. Hakuwahi kumwita Baba, wala kumwambia mtu yeyote kwamba alikosea. Labda aliona amechelewa, kwamba kukiri Baba hakuiba ni kukiri na yale yaliyofuata. Makopo mawili yale sikujua nani aliyachukua. Watu walimtaja Sudi, lakini walikuwa wamemtaja Baba pia, kwa hiyo midomo ya watu siiamini.

Na mimi sikusema. Kila asubuhi niliamka nikiwa na neno mdomoni na kila jioni nililala nalo. Niliogopa kupigwa kwanza. Kisha nikaogopa kuchukiwa. Baadaye niliogopa tu ukubwa wa jambo lenyewe, kwa sababu lilikuwa likikua pamoja nami. Mama na Baba waliendelea kukaa nyumba moja. Mama alimpikia, akamwekea sahani mezani, akageuka. Alimfulia, akamuuguza malaria, akamwambia lini mbegu ziwekwe. Lakini utani wake uliisha, na jina lake hakuliita tena. Alimwita "huyu." Mwulize huyu kama atakula. Niliishi katikati ya neno hilo mpaka nilipokwenda sekondari, nikajifunza kulifurahia bweni, mahali ambapo wenzangu walilia kwa kukumbuka nyumbani.

Mama alifariki mimi nikiwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto na gari langu la kwanza. Baada ya matanga nilimchukua Baba akakae kwangu kwa muda. Tulikwenda wawili tu, yeye amekaa upande wa abiria na mikono juu ya magoti, akisikiliza injini. Tulipanda mlima ule ule, barabara yake sasa imepanuliwa. Katikati ya mlima nikasema. Nilisema yote, kashata, debe zima, chupa, mwalimu, asali. Nilisema nikiangalia mbele kwa sababu nilikuwa naendesha, na nadhani nilisubiri miaka yote hiyo nipate mahali pa kusemea bila kumtazama.

Baba alisikiliza injini mpaka tukafika juu.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Bwana Athumani aliniambia mwenyewe. Alisema, mwanao kashuhudia. Nikamwambia hiyo ni oili chafu. Akasema basi nikamlete mtoto, aulizwe hapa mbele ya watu, mgambo akiwepo. Mgambo alikuwa amekaa pale na fimbo yake. Nikakataa."

"Kwa nini ulikataa? Ningesema ni ile nyeusi. Neno moja tu, Baba."

"Ulikuwa mdogo. Nimewaona watoto wakiulizwa na mgambo. Wanasema chochote." Alivuta pumzi. "Wakachukua kule kukataa kuwa ndio ushahidi."

Tulikwenda kilomita kadhaa. Migomba ilipita pande zote mbili.

"Lakini kweli ungesema neno hilo moja," alisema tena, si kwangu. "Hilo nalo nimelifikiria. Nimelifikiria sana."

"Na Mama?" nilimuuliza. "Hukumwambia Mama?"

"Aliniuliza mara moja tu, alipotoka hospitali. Alisema, uliiba au hukuiba, niambie na sitauliza tena. Ningesema sikuiba, angetaka kujua nani alinisingizia. Nawe ulikuwa umekaa pale pale, unamkandia miguu."

"Ukamwambia nini?"

Baba alifungua kioo kidogo, akatazama nje.

"Nilimwambia niliiba."

Sikuweza kuendelea kuendesha. Nilisimamisha gari pembeni, nikazima injini, tukakaa. Nilitaka kumwambia kwamba Mama amekwenda, kwamba hakuna tena wa kumweleza, lakini hilo alilijua kuliko mimi. Alikuwa amemzika siku kumi zilizopita, na jibu hilo Mama amezikwa nalo.